Breki za Hilux ya zamani: maswali yenu

Karibu maswali yote ya mwezi huu yanahusu gari moja: Toyota Hilux ya dizeli ya kati ya 1988 na 1997, breki za diski mbele (bamba linalobanwa na pedi), za dramu nyuma (ngoma inayokandamizwa na viatu kutoka ndani). Wengi mnauliza muongeze nini. Kabla ya kuongeza, tuhakikishe vilivyomo vinafanya kazi.

Shikamoo fundi. Nikishuka na viazi kutoka Lushoto kwenda Mombo, nikikaribia chini pedali inazama hadi sakafuni. Nikipumzika nusu saa breki zinarudi. Tumekagua, hakuna panapovuja. Tatizo nini?

Marahaba. Hapavuji kwa sababu oili haijatoka, imechemka. Oili za breki za DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni 140 tu. Diski iliyobanwa mteremko mzima hupita joto hilo kwa mbali, na joto linapenya kwenye pistoni hadi kwenye oili. Ikichemka inatoa mvuke. Oili haibanwi, mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unakandamiza mvuke. Ukipumzika, mambo yanapoa na gari linaonekana zima. Usilipeleke tena barabarani hivyo.

Chovya kitambaa cheupe kwenye kikopo cha masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Oili mpya ina rangi ya asali nyepesi. Yako naamini itatoka nyeusi kama kahawa. Itoe yote uweke DOT 4, ambayo viwango vyake ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Inachanganyika na mabaki ya DOT 3. DOT 5 ni ya silikoni, hiyo isiingie humo hata tone. Toa upepo ukianzia tairi la mbali na masta silinda: kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kikopo kisikauke hata mara moja katikati ya kazi, la sivyo unaanza upya. Ikidondokea bodi, imwagie maji mara moja, maana inababua rangi. Baada ya hapo badilisha kila miaka 2.

Na kushuka kwenyewe: shukia gia uliyopandia. Kanyaga kwa nguvu, mwendo upungue, achia kabisa zipoe, halafu rudia. Usiegemeze mguu njia nzima. Gari la kilomita 80 kwa saa linabeba nguvu mara nne ya lile la 40, kwa hiyo mwendo unapunguzwa juu, kabla kona za Soni hazijaanza.

Niliongeza springi mbili kila upande nyuma ili nibebe mawe. Sasa nikifunga breki gari linainama pua, pedi za mbele zinaisha upesi na za nyuma ni kama hazipo. (Nakuru)

Lala chini ya gari, tazama juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya akseli ya nyuma. Utaona fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye akseli kwenda kwenye vali iliyofungwa kwenye chasi. Vali hiyo ndiyo inayopima mzigo. Ukipakia, bodi inashuka, fimbo inasukumwa juu, na vali inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu bodi inapanda, presha ya nyuma inapunguzwa ili tairi zisijifunge. Ulipoongeza springi uliinua bodi, na sasa hata ukiwa na mawe vali inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zimenyimwa presha, kazi yote imebaki mbele.

Dawa yake ni kurekebisha fimbo au kishikio chake kulingana na kimo kipya. Iwe gereji yenye geji za presha, wapime mbele na nyuma, gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Nimeshaikuta fimbo hiyo imefungwa juu moja kwa moja kwa waya wa kufungia nondo. Mwenye gari alifurahi, breki za nyuma zilikuwa kali. Lakini gari tupu kwenye lami yenye mvua, nyuma inajifunga na linageuka lilikotoka. Usikubali waya.

Ukiwa huko chini, fungua dramu pia. Virekebishaji vya viatu vya breki hushikwa na kutu, na viatu vikabaki mbali na dramu. Vumbi lake usilipulize kwa kompresa, kwani viatu vya zamani vingine vina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi.

Wili silinda ya nyuma kushoto ilivuja, fundi akaliziba bomba lake. Anasema tairi tatu zinatosha. Oili ilipopungua aliongezea ya injini.

Hazitoshi. Gari litavuta upande mmoja siku utakayokanyaga ghafla, na siku hiyo ndiyo unayohitaji breki. Nunua wili silinda (kile kisilinda ndani ya dramu kinachosukuma viatu), tena za pande zote mbili. Oili ya injini ni kosa kubwa zaidi: inavimbisha raba za mfumo mzima. Raba za masta silinda, kalipa (zinazobana pedi kwenye diski) na wili silinda zote zibadilishwe, pamoja na hozi, yaani mipira ya oili ya breki, na mabomba yasafishwe. Najua ni gharama, lakini hapa hakuna njia ya mkato.

Tulibadilisha alteneta, tangu hapo pedali imekuwa ngumu kama jiwe.

Kwenye injini za dizeli zinazoitwa 2L na 3L, pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa) inayoisaidia busta, kifaa kinacholainisha pedali, iko mgongoni mwa alteneta. Zima injini, kanyaga mara tano hadi pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, washa injini. Ikizama kidogo, busta inapata vakyumu. Isipozama, anza na mpira wa vakyumu, kisha kihozi cha oili kinachoilisha pampu. Pampu isiyopata oili hufa haraka.

Nifunge diski nyuma?

Kwa gari la mizigo nakushauri usifanye. Kazi kubwa ya kusimamisha gari iko mbele, na kubadilisha nyuma kunavuruga mgawanyo wa presha, masta silinda na hendibreki. Tumia pesa hiyo kwa hozi mpya zote, pedi nzuri na diski mpya za mbele. Kama zako bado zinachongeka, soma kipimo cha MIN (unene wa chini unaoruhusiwa) kilichochorwa kwenye chuma chenyewe kabla ya kuzipeleka kwenye mashine. Dramu ina MAX yake, yaani upana wa juu wa ndani. Ukitaka diski kubwa zaidi mbele, pima rimu kwanza, maana kalipa kubwa mara nyingi haziingii kwenye rimu ya inchi 15.