Hakan Fidan alikuwa jenerali kweli?

Swali: Mwalimu shikamoo. Kuna watu wanasema Hakan Fidan, waziri wa mambo ya nje wa Uturuki, alikuwa jenerali ndo maana akapewa ujasusi kisha uwaziri. Ni kweli? Na jasusi anaiwezaje diplomasia?

Jibu: Marahaba. Hapana, hakuwahi kuwa jenerali, hata afisa wa kamisheni hakuwa. Alikuwa astsubay, kwa jeshi la huku tungesema kundi la masajini, kuanzia 1986 mpaka 2001. Kilichombeba ni shule, na hili mi nalisisitiza sana kwa wanafunzi wangu. Akiwa kwenye kikosi cha NATO Ujerumani akasoma digrii ya Chuo Kikuu cha Maryland, akarudi Ankara akafanya masta pale Bilkent na tasnifu yake ikalinganisha ujasusi wa Uturuki na wa Marekani na Uingereza, yaani sajini anaandika hayo 1999 halafu 2010 anakabidhiwa MIT, idara yenyewe ya ujasusi! Katikati hapo aliongoza TIKA, shirika lao la misaada ya maendeleo, 2003 mpaka 2007, kwahiyo mambo ya nje alishayazoea kabla hata ya ujasusi.

Sasa hilo la pili. Kazi kubwa ya mkuu wa ujasusi ni kuongea na watu ambao serikali haitaki kuonekana nao. Fidan alikuwepo kwenye mazungumzo ya siri na PKK, kundi la wapiganaji wa Kikurdi, kule Oslo, na Februari 2012 waendesha mashtaka wakamwita wamhoji kwa ishu hiyohiyo, bunge likabadilisha sheria fasta ili ruhusa ya waziri mkuu iwe lazima kwanza. Waziri mkuu alikuwa Erdoğan, na bila kuaminiwa na Erdoğan asingekaa MIT miaka 13, tusidanganyane, maana hata jaribio la mapinduzi la Julai 2016 lilitokea yeye akiwa mkuu na bado akabaki.

Juni 2023 akawa waziri, ila mbinu ni ileile. Angalia Ethiopia na Somalia walipogombana kuhusu bandari ya Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia: Agosti 2024 wajumbe wao wako Ankara lakini hawaongei ana kwa ana, Fidan ndo anapeleka maneno huku anarudisha kule, na Desemba 11 Abiy, waziri mkuu wa Ethiopia, na Hassan Sheikh, rais wa Somalia, wakakubaliana hapohapo Ankara.