Mchujo si kura ya maoni

Msomaji wa Mombasa anauliza: "Habari za uchaguzi wa Marekani husema chama 'kimechagua tiketi yake ya urais' kwenye kongamano. Tiketi si ya basi? Na mbona hatua za kabla ya kongamano hilo leo zinaitwa mchujo, kesho kura za maoni?"

Tiketi ni sahihi, usiiogope. Katika karne ya 19 vyama vya Marekani vilijichapishia karatasi za kura zenye majina ya wagombea wao wote, na mpiga kura akaitumbukiza sandukuni kama alivyopewa. Karatasi hiyo ndiyo iliyoitwa tiketi. Kwa urais leo neno lina maana ya jozi, mgombea na mgombea mwenza wanaopigiwa kura moja, na Kiswahili kimelizoea: "amegombea kwa tiketi ya chama fulani" hakumshtui mtu. Kongamano ndilo ningelifuta. Watu huenda kwenye kongamano kusikiliza mada na kujadiliana. Kikao cha wajumbe chenye madaraka ya kupitisha mgombea kinaitwa mkutano mkuu, na jina hilo hatukuanza kulitumia jana.

Swali lako la pili ndilo linalonikera kila baada ya miaka minne.

"Kura ya maoni" tumeibebesha mizigo mitatu. Wazanzibari walipoulizwa tarehe 31 Julai 2010 kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, walipiga kura ya maoni. Watafiti wanapowapigia watu simu kuwauliza wanampenda nani, matokeo yake nayo yanaitwa kura ya maoni, ingawa hakuna aliyepiga kura. Na wanachama wa CCM wanapopiga kura kumpata mgombea ubunge, hizo pia ni kura za maoni. Nyumbani muktadha hutuokoa. Ukilipeleka neno hilo Iowa, jimbo la Marekani, msomaji anapotea.

Chukua kichwa cha habari cha aina hii: "Kura za maoni: Trump aongoza Iowa". Warepublican wa Iowa, wanachama wa chama cha Trump, walikutana kupiga kura zao tarehe 15 Januari 2024. Kichwa hicho kikitoka tarehe 14 kinasema kwamba watafiti wameuliza watu na kupata majibu. Kikitoka tarehe 16, neno kwa neno, kinasema wajumbe 40 ambao jimbo hupeleka kwenye mkutano mkuu wamekwisha kugawanywa kwa wagombea: Trump 20, na wapinzani wake DeSantis 9, Haley 8, Ramaswamy 3. Cha kwanza ni utabiri, cha pili ni hesabu. Mwandishi anayetumia maneno yaleyale kwa mambo haya mawili amemnyima msomaji habari yenyewe, na msomaji hana hata njia ya kujua kwamba amenyimwa.

Hesabu ndiyo kiini cha mambo. Mkutano mkuu wa Republican wa 2024 ulikuwa na wajumbe 2,429, hivyo ushindi ulihitaji 1,215. Mwenye nia anamtafuta mjumbe wa 1,215. Sifa za kupendwa nchi nzima hazimfikishi popote asipompata. Trump alivuka idadi hiyo tarehe 12 Machi, miezi minne kabla ya mkutano wa Milwaukee. Ndiyo maana asilimia peke yake haitoshi katika habari za mchujo. Kwa Democratic, asiyefikisha asilimia 15 ya kura hapati mjumbe, na waliofikisha wanagawana kwa uwiano. Republican huruhusu majimbo kumpa mshindi wote: Florida ilikuwa na wajumbe 125, na aliyeongoza aliwachukua wote 125. Ukiripoti "ameshinda kwa asilimia kadhaa" bila kutaja wajumbe wangapi, umeacha nusu ya habari nje.

Wajumbe hao hufika mkutanoni wakiwa wamefungwa na kura za jimbo lao, angalau katika duru ya kwanza ya kupiga kura. Majimbo huitwa kwa majina, kila ujumbe hutangaza kura zake, na mjumbe wa Republican aliyefungwa akitaja jina jingine, kura yake huandikwa kama alivyofungwa. Kura inayomfunga mtu namna hiyo huwezi kuiita maoni. Maoni husikilizwa, kisha mwenye mamlaka akaamua atakavyo.

Na hapa niitetee CCM, kwa sababu kwake neno ni la kweli. Anayeongoza kura za maoni za ubunge anaweza kukatwa jina na vikao vya juu, na wa pili au wa tatu akapitishwa. Wanachama wametoa maoni, vikao vimeamua. Kwa urais mchujo hufanywa na vikao vyenyewe: mwaka 2015 Kamati Kuu ilibakisha majina matano, Halmashauri Kuu ikabakisha matatu, Mkutano Mkuu wa Dodoma ukampata mmoja. Mchujo umetokana na kuchuja, kazi ya kifumbu kwenye tui la nazi. Tofauti iko kwa anayekishika kifumbu. Dodoma walikishika viongozi, Iowa wanakishika wapiga kura.

Zamani Wamarekani nao walikuwa na kura za maoni kweli. Mwaka 1952 Estes Kefauver alishinda mchujo katika majimbo mengi, na mkutano mkuu wa Democratic ukampa Adlai Stevenson tiketi katika duru ya tatu. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipitishwa na chama hichohicho bila kushindana katika mchujo wa jimbo hata moja. Mwandishi wa miaka ile angeandika "kura za maoni" nami nisingemgusa. Lakini hasira za 1968 zilileta kanuni mpya, wajumbe wakaanza kufuata kura, na tangu 1952 hakuna chama kati ya hivi viwili kilichovuka duru ya kwanza kumpata mgombea urais. Linganisha na mwaka 1924, Democratic walipopiga duru 103 huko New York, theluthi mbili zikihitajika, hadi John W. Davis akapatikana. Mambo yamebadilika, msamiati wa waandishi wetu haujabadilika.

Najua nitakumbushwa habari za Biden. Alijitoa tarehe 21 Julai 2024 akiwa na wajumbe karibu 3,900, nao wakaenda kwa Kamala Harris ambaye hakugombea mchujo ule. Je, kura za mchujo hazikugeuka maoni? Hapana. Aliyewafungua wajumbe ni mgombea mwenyewe kwa kujiondoa. Hakuna kikao kilicholikata jina lake. Kanuni ya Democratic, ni kweli, ni laini kuliko ya wenzao: humtaka mjumbe aakisi kwa dhamiri njema nia ya waliomchagua. Hata hivyo ni wajibu, na wajibu una uzito kuliko maoni. Tena Harris alipitishwa kwa kura za kielektroniki kati ya tarehe 1 na 5 Agosti, kwa kuhofia tarehe ya mwisho ya jimbo la Ohio kupokea majina. Aliyeandika kwamba mkutano wa Chicago wa tarehe 19 hadi 22 ndio uliompitisha aliripoti sherehe akaiita uamuzi.

Basi mgawanyo wangu ni huu. Kura ya maoni ibaki kwa wananchi wanaoulizwa jambo la nchi; Mkenya akisema kura ya maamuzi au refarenda, simkatazi. Kazi ya wanaopiga simu iitwe utafiti wa maoni. CCM iendelee na neno lake, kwa kuwa linaeleza hasa kinachotendeka. Kwa Marekani andikeni mchujo, kama Wakenya wanavyouita wa vyama vyao, na palipo na mikutano ya wanachama kama Iowa, mikutano ya mchujo.

Bado kitenzi cha mgombea mwenza. Mkutano mkuu haumchagui siku hizi. Mgombea humteua, mkutano humthibitisha: Trump alimtangaza JD Vance tarehe 15 Julai 2024, na wajumbe wakampitisha siku hiyohiyo kwa sauti. Mara ya mwisho wajumbe kuachiwa kweli wachague ilikuwa 1956, Stevenson alipowapa uwanja na Kefauver akamshinda John F. Kennedy. Kwa huyo andika "alichaguliwa na mkutano". Kwa Vance na Tim Walz, mgombea mwenza wa Harris, andika "aliteuliwa na mgombea", na neno "mteule" lisiambatanishwe na cheo cha rais wala makamu wake hadi uchaguzi wa Novemba uwe umepita na mshindi amejulikana.