Nyumba imekaa sokoni miezi minane: ninunue au nisubiri?

SWALI: Nimejikusanyia shilingi milioni 48. Kuna nyumba Gungu, vyumba vitatu, mwenyewe anataka milioni 65 na tangazo sasa lina miezi minane. Rafiki yangu anasema nisubiri: Kongo kuna vita, siasa hazijatulia, bei lazima zianguke. Nisubiri? – Msomaji, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako ameona dalili sawasawa, ila dawa aliyokupa siyo. Hali ikiwa haitabiriki, kinachokufa kwanza si bei, ni mauziano. Mnunuzi anasubiri, muuzaji hashuki, nyumba inakaa.

Uingereza, Septemba 2022, serikali ilitangaza bajeti ndogo iliyotikisa masoko ya fedha, na ndani ya siku chache mabenki yakaondoa mikopo mingi ya nyumba. Kule wengi hununua kwa mkopo, kwa hiyo mtikisiko uliwafikia upesi. Kwetu watu hujenga kwa fedha zao, kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani tofali, nondo zinabaki zimechomoza juu ya lenta zikishika kutu hadi fedha nyingine ipatikane. Mtu wa namna hiyo hadaiwi na benki. Nyumba ndiyo akiba yake, na mashaka yakizidi anaing'ang'ania zaidi.

Kwa hiyo milioni 65 ni bei ya tangazo tu. Miezi minane bila mteja imekwishakuambia kwamba si bei ya soko. Kwetu kushuka hujificha kwenye lile neno "tutaelewana".

Hukuniuliza jambo ambalo mimi, kama mthamini, hulitazama mapema: ukiipangisha nyumba hiyo, mpangaji atatoa wapi kodi? Kodi hutikisika kabla ya bei. Warundi walipokimbilia kwetu mwaka 2015, mashirika ya misaada yalihitaji nyumba za wafanyakazi Kibondo na Kasulu. Mradi ukifungwa, mpangaji wa aina hiyo huondoka nao. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Uvira, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, boti zisipoondoka bandari yetu ya Kibirizi, kodi ya miezi sita humshinda. Mwalimu au muuguzi wa serikali hulipa kidogo, lakini mshahara wake hautegemei ziwa. Piga hesabu zako kwa kodi ya huyu.

Ukitaka kuishi humo mwenyewe miaka kumi, usisubiri. Kaa naye mzungumze. Anzia milioni 42 taslimu, usivuke 46, maana kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za usajili na wakili. Akikataa, muachie namba yako na uondoke kwa heshima. Mwenye fedha mkononi wakati huu ni adimu, atakukumbuka. Ila kama nia yako ni kununua na kuuza tena baada ya miaka miwili, hapo namuunga mkono rafiki yako, kwa sababu siku utakayotaka kutoka huenda usipate wa kukupokea.

Kabla ya kutoa hata senti, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone nani ameandikwa kuwa mmiliki, na uulize majirani na mwenyekiti wa mtaa. Maneno "NYUMBA HII HAIUZWI" unayoyaona ukutani hayakuandikwa bure. Watu wakibanwa, nyumba moja huuzwa mara mbili. Na kama muuzaji ana ndoa, mwenzake akubali kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa yake kwa nyumba ya ndoa.