Usiniulize Ufuo Gani, Niulize Maji Yako Wapi

Disemba ikikaribia simu yangu hugeuka ofisi ya utalii. Binamu wa Nairobi, rafiki wa mume wangu aliyeko Eldoret, hata mtu niliyesoma naye zamani na nisiyemkumbuka jina la pili, wote swali lao ni moja: "Tunakuja Mombasa siku tatu, twende bichi gani?" Huambatanisha na picha kabisa: maji ya buluu kama ukuta wa saluni, mchanga mweupe, hakuna mtu. Nami huwajibu kwa swali. Mnakuja tarehe ngapi, na mtafika saa ngapi?

Wengi hudhani nawakwepa.

Swali hilo nilifunzwa na wifi yangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alikuja kutoka Nakuru na watoto watatu ambao hawakuwa wamewahi kuiona bahari. Mimi mzaliwa wa Likoni nikataka kujionyesha. Bamburi nikaikataa, maana Jumapili watu ni juu ya watu, nikawapeleka Kikambala. Tukashuka matatu, tukapanda tuktuk, saa nne na nusu asubuhi tukawa tumefika, watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu alfajiri. Mbele yetu kulikuwa na mchanga, kisha mwani uliokauka, kisha uwanja mzima wa mawe na vidimbwi mpaka kule mwambani, ambako mawimbi yalionekana kama uzi mweupe. Mama mmoja alikuwa akipita katikati ya hiyo "bahari" na ndoo na chuma chake, akitafuta pweza. Wifi akaweka kikapu chini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Wifi, na bahari iko wapi?"

Kitinda mimba wake aliogelea siku hiyo katika kidimbwi kilichomfika magotini. Kisa hiki bado husimuliwa Nakuru kila kukiwa na harusi.

Aibu yangu ni kwamba jibu limo ndani ya neno lenyewe. Pwani ni mahali pa kupwa. Wazee walipapa jina kwa kile maji yanachokifanya pale, mimi nikakaa miaka yote hiyo nikilitamka bila kulisikia.

Basi twende polepole. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele dakika 50 hivi. Maana yake, kama Jumapili hii maji yamekupwa saa nne asubuhi, Jumapili ijayo saa hiyo hiyo utayakuta yamejaa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Huku kwetu kuna jambo la kurahisisha zaidi. Siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne na nusu au saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi na nusu au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: yamejaa saa nne asubuhi, yamekupwa saa kumi jioni.

Jedwali la maji liko kwenye simu, lakini mimi hutazama kalenda ya ukutani, ile ya dukani yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Mwezi mosi hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba (nasema tarehe za mwezi wa angani, si Januari na Februari), ni bamvua. Mwezi saba, nane, na ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu. Na hata mkigombana kama kawaida yetu, mwezi umeonekana au haukuonekana, siku moja haikuharibii kuogelea. Ndiyo maana Idd ya mfungo mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, miaka nenda miaka rudi, watoto wanaomiminika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi asubuhi huyakuta maji mbali, na saa kumi na moja jioni, mama zao wakianza kuita "haya, twendeni", ndipo yanapokuwa matamu. Idd ya kuchinja huangukia mwezi kumi, maji hujaa karibu na adhuhuri. Siku hiyo nenda mapema, ule viazi karai, usubiri.

Jambo la pili ni jiwe. Anayetazama picha hudhani pwani yote ni mchanga, kumbe sehemu kubwa ya ukingo wetu ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Ndilo jiwe lile lile lililojenga Gede, mji uliobaki magofu, na nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa. Bahari inalila kwa chini, kwa hivyo majabali yetu mengi yana mdomo unaoning'inia na tumbo lililobonyea. Mandhari ni mazuri sana. Lakini pia ndiyo sababu ufuo mmoja huwa na sura mbili zisizofanana kabisa, ya kupwa na ya kujaa, na wewe uchague unataka ipi.

Watamu, kwa mfano, mimi huipenda maji yakiwa chini. Vile visiwa vya jiwe vilivyo ghubani, vilivyoliwa shingo mpaka vikafanana na uyoga, unavifikia kwa miguu, na upande wa Garoda mchanga hujitokeza katikati ya bahari kama mgongo wa nyangumi. Yakijaa, njia hiyo na mchanga huo hufunikwa, na waliokuja saa hiyo huuliza sifa zote zile zilikuwa za nini. Eneo la bahari pale ni hifadhi tangu 1968, kwa hivyo kutoka na mashua kwenda kutazama samaki kuna kiingilio.

Vuma, karibu na Takaungu, ni kinyume chake. Hapo hakuna mchanga wa kusema, ni majabali matupu, na ukienda maji yamekupwa utaona jiwe tu. Nenda yakiwa yanajaa, na msimu wa upepo wa kusi, usikie jina lenyewe likitamkwa. Ila kaa mbali na ukingo. Pale unaposimama upigwe picha, chini yako huenda hakuna kitu. Kuogelea hapo sahau.

Diani na Bofa ya Kilifi ndizo ninazowapa wasiotaka hesabu. Mchanga ni mwingi, maji yakipwa unatembea mpaka uchoke, yakijaa unaoga. Sina zaidi ya hapo la kusema, kila mtu ameshazisifu. Kuruwitu, pale Vipingo, ni ya mwenye subira: wanakijiji wenyewe walilifunga eneo lao la bahari lisivuliwe ili samaki warudi, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ufuo una mawe, lakini mtoto anayependa kuchungulia vidimbwi hutamtoa.

Sasa Tiwi. Huko nilipata funzo la pili, na lile halikuchekesha.

Tiwi ina vighuba vidogo vya mchanga, kimoja kimoja, na baina yake majabali yenye mapango. Maji yakipwa unaweza kupita chini ya majabali kutoka kighuba hadi kighuba, ukielekea kusini mpaka mlango wa mto Mwachema, ambako ng'ambo yake uko msikiti wa kale wa Kongo na mibuyu yake. Njiani kuna bwawa la asili ndani ya mwamba, maji yake kijani kibichi, na ukiingia hutamani kutoka. Tulikwenda mimi, mume wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka sita. Ilikuwa bamvua, tumetoka saa nne, nimepanga vizuri, najisifu. Lile bwawa likatushika. Tulipoanza kurudi ilikuwa saa nane kasoro na njia bado ilionekana kavu.

Penye pango la pili tukamkuta mzee mmoja ameketi juu ya mwamba akikunja nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mwaenda wapi?"

Nikamwonyesha kighuba chetu, hata hakikuwa mbali. Akatazama maji, akamtazama mtoto, kisha akaninyooshea kidole kwenye ukuta wa jabali. "Mwanangu, wawaona hawa? Hawa ni chaza. Chaza haketi pakavu."

Chaza walikuwa wameng'ang'ania jiwe, wengi kama misumari, na walipoishia palikuwa na mstari uliopita sawa kama umepigwa rula. Mstari huo ulikuwa juu ya kichwa cha mume wangu, na mume wangu si mfupi. Hadi hapo nilikuwa nimepita chini ya ukuta ule mara mbili nikiupiga picha.

Mzee hakutugombeza. Alituonyesha ngazi iliyochongwa jiweni nyuma ya pango, tukapanda mpaka juu shambani, tukazunguka kwa barabara. Niliposimama kule juu nikatazama chini. Ile njia yetu maji yalikuwa yakiipiga ukutani, yanarudi, yanapiga tena. Kama nusu saa tu ilikuwa imepita. Maji yana hila: yakigeuka, saa ya kwanza husogea taratibu mpaka ukadhani yamelala, kisha saa ya tatu na ya nne huja mbio.

Tangu siku ile, kabla sijatandika leso chini ya jabali lolote, kwanza hutafuta chaza wanaishia wapi. Na matembezi ya chini ya majabali huyaanza saa mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, ili yanapogeuka nami niwe nimeshageuka. Kama una watoto, usiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yakiwa yanatoka. Maji yote yaliyoingia hupita hapo kurudi baharini, na hayachagui nani wa kumbeba.

Upepo nao una lake. Kaskazi, kati ya Disemba na Machi, bahari hutulia na maji huwa safi. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti hasa, mawimbi hupanda na mwani hujaa ufuoni kwa marundo. Watu hulalamika eti ufuo mchafu, lakini huo si uchafu, ni majani ya bahari, na yatakwenda yenyewe. Malindi mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta udongo na bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukifika siku hizo, usimlaumu mwenyeji wako. Nenda Gede ukatazame magofu. Na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, jua la jioni huwa mgongoni mwako ukitazama maji. Ile buluu ya kwenye picha hupatikana alasiri maji yakiwa yamejaa, yaani alasiri ya bamvua. Mpiga picha hakukwambia hilo.

La njia sasa. Ibara ya 62 ya Katiba yetu ya 2010 imeiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga unaoloweka ni wako na wangu. Shida ni kuufikia, kwa sababu vichochoro vingi vimezibwa na kuta. Mlinzi wa hoteli moja aliwahi kuniambia nihame mahali nilipoketi na watoto, mchanga ukiwa bado umelowa chini yetu. Nikamwambia kwa adabu kwamba maji yakija nitahama, na yeye akija na maji tutaongea. Akacheka, akaenda zake. Sikushauri ugombane, yule naye yuko kazini. Dawa yangu ni kutouliza "bichi iko wapi", kwa maana utaelekezwa kwenye lango la mtu. Uliza diko liko wapi. Wavuvi wanaposhusha samaki lazima pawe na njia ya kupita mkokoteni, na penye njia ya mkokoteni nawe utapita. Tena utamkuta mtu wa kukwambia maji yamekaaje leo, na samaki wa kununua ukirudi.

Vitu vya kubeba ni vichache. Viatu vya plastiki vya kuingia navyo majini, vile vya sandak, maana katika mawe kuna wale wadudu wa miiba myeusi, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni safari imekwisha. Leso mbili: moja ya kukalia, moja ya kujifunga ukipita vijijini kama Takaungu, ambako si heshima kupita na nguo ya kuogelea. Maji ya kunywa yatie kwenye chupa ya kutumia tena, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na fuo zilizolindwa. Njia ya kutoka barabara kuu hadi Tiwi usiitembee kwa miguu, panda tuktuk au boda, na mkubaliane kabisa saa ya kukurudia. Usisahau chenji ya madafu.

Wifi yangu kanipigia juzi. Anakuja tena, mara hii na wajukuu. Nikajiandaa kumuuliza tarehe, lakini yeye akanitangulia: "Wifi, siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?" Nikahesabu kwa vidole. Mwezi ishirini na mbili, maji yatajaa saa nne asubuhi. Nimemwambia wafike Kikambala saa tatu na nusu.