Jibu: Binti yangu kachagua okestra, watamdai nini?

Dada, umeuliza binti wa darasa la 6 hapa Marekani atatakiwa nini kwenye somo la okestra (wanafunzi wanapiga ala za muziki pamoja) akichagua fidla. Wangu kapita hapo. Kikubwa ni kufika na vyote: fidla, uta (ufito wa kusugulia nyuzi), ulimbo wa kuupaka huo uta, nota na penseli. Kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi, la sivyo vidole havikai kwenye nyuzi. Nyumbani afanye mazoezi kila siku, hata dakika 20 (vumilia tu, mwanzoni ni kama paka kabanwa mlangoni). Tamasha la jioni kwetu lilikuwa na maksi, nguo nyeusi. Fidla usinunue, ikodi tu. Akirefuka saizi inabadilika. Na alegeze uta kabla ya kufunga kasha. Wangu alisahau likizo nzima, ukapinda, tukalipa.