Wasifukazi wa mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiriwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba uko mwaka wa tatu wa uhasibu hapa Nairobi na kwamba wasifukazi wako (CV) haujazi hata nusu ukurasa kwa kuwa hujawahi kufanya kazi. Hata hivyo, umetaja katika swali hilo hilo kwamba kila Jumamosi humsaidia shangazi yako kuuza mitumba katika soko la Gikomba. Hiyo ni kazi, tena inayohusiana na masomo yako: kama wewe ndiye unayelinganisha mauzo ya siku na malipo ya M-Pesa na kuhesabu nguo zilizobaki, liandike hilo waziwazi, pamoja na idadi unazoweza kuzitetea ukiulizwa. Mimi niliitwa kwenye mahojiano yangu ya kwanza kwa sababu ya daftari la hesabu la chama cha akiba cha mama yangu nililolitunza, wala si kwa alama zangu.

Ukurasa 1 unatosha. Waombe ruhusa warejelewa, yaani watu ambao mwajiri anaweza kuwauliza habari zako, kabla ya kuandika majina yao. Usidai cheti usicho nacho, kwani vyeti ghushi ni kosa la jinai. Anayekuitisha pesa ili akupe nafasi, mwepuke, kisha umwone afisa wa masuala ya ajira chuoni.