Ndigana kali: Mmewauliza wanaokata majani?

SWALI: Daktari, mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Muheza. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inatumalizia ndama. Tumewapa wanachama ratiba ya kuogesha kwa dawa ya kupe kila wiki, tukatangaza na siku ya chanjo. Mkutanoni wanaitikia, wakirudi nyumbani hawafanyi. Tuwaelimisheje?

JIBU: Ndugu katibu, poleni kwa hasara. Ila hilo la "tuwaelimishe" naulizwa karibu kila wiki, na limenichosha. Mfugaji aliyezika ndama hahitaji semina ya ndigana. Anajua mitoki, yaani tezi, ikivimba chini ya sikio na mnyama akianza kuhema, mambo yameharibika. Alichokosa ni ratiba inayotekelezeka.

Aliyeketi mkutanoni ni nani? Mara nyingi ni baba, kwa kuwa jina lake ndilo liko kwenye daftari la maziwa. Anayekata majani, kuteka maji na kukamua ni mama au kijana wa kazi. Huyo ndiye anayejua kupe wa bandani wanatoka wapi: wamo kwenye mzigo wa majani uliokatwa kando ya njia wanakopita ng'ombe wa malisho. Mlimwuliza? Ng'ombe mkubwa anataka kama lita 5 za dawa iliyochanganywa ili alowe sawasawa. Maji yakiwa mbali, mtu atanyunyiza mgongoni kidogo tu, amalize. Na kupe wa ndigana wala hashindi mgongoni. Geuza sikio, utawakuta kwa ndani, wadogo, rangi ya kahawia, wamebanana.

Waketisheni wakamuaji peke yao, muwasikilize kabla ya kutaja dawa. Nimesikia wakipendekeza jambo ambalo wataalamu hatukuliandika: ng'ombe ametulia anakula pumba, basi masikio yakaguliwe wakati huohuo wa kukamua. Ni wazo zuri kabisa. Kupe huyo lazima anyonye siku kadhaa ndipo vimelea vikomae matezini mwake na kuingia kwa ng'ombe. Ukimtoa mapema, umemkatiza. Kuogesha kunaendelea, lakini siku apange abebaye ndoo.

Chanjo nayo ni hivyohivyo. Chanjo ya ndigana, iitwayo Muguga, kwa miaka mingi imefungwa dozi kama 40 katika mrija mmoja, na ukishayeyushwa ni wa saa chache tu. Mwenye ndama mmoja hawezi kuufungua peke yake. Orodha ya ndama, siku isiyogongana na soko, nani anatangulia kulipa: hayo wapange wao, mtaalamu aje wakimwita.

Wakiachwa nje ya mpango, wanaangukia kwa matapeli. Kupe wasipokufa, muuza duka anasema dawa imechoka, anawachanganyia na sumu ya wadudu wa mboga. Sumu hiyo inaua ng'ombe, na inaweza kuingia kwenye maziwa mnayowanywesha watoto. Mwingine anakuja na pikipiki, kila homa anachoma sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Ndigana ikishajitokeza, hiyo haiitibu. Dawa yake ni buparvakwoni, nayo iwahi. Mnamlipa, ndama anakufa siku ya tatu, na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa bila sababu yanapelekwa kituoni kimyakimya yakiwa na mabaki ya dawa. Na anayechoma mitoki kwa chuma cha moto anamtesa tu mnyama.

Siku hizi wapo hata wanaouza "chanjo ya ndigana" kutoka kwenye friji ya duka. Chanjo halisi inatunzwa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na ndama huchomwa sindano mbili kwa wakati mmoja, ya chanjo na ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu iliyopimwa kwa uzito wake. Akija mtu na chupa mfukoni, akasema moja inatosha, msimfungulie banda.